Masale Niliyoyakata kwa Mzee Kalisti

Mwanangu, ipo siku moja ya ujana wangu ambayo haijawahi kuniacha. Sasa magoti yamenifunga nyumbani, nayo inanijia karibu kila asubuhi kabla hata sijapata chai. Ngoja nikusimulie kama ilivyokuwa.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikiendesha pikapu ya tajiri mmoja wa Moshi mjini. Tulikaa Njoro. Mlimani nilipanda Krismasi tu, kama watoto wengi wa mjini, kula nyama na kurudi. Jumapili moja, baridi ya Agosti ikiwa imeanza kulegea, rafiki yangu Evarist aliniomba tupande kwao tukachukue mapipa ya mbege kwa ajili ya kipaimara cha mpwa wake.

Nyumba yao ilisifika kwa pombe hiyo. Mama yake alichemsha ndizi, baba yake, Mzee Kalisti, aliotesha ulezi kwa mkono wake mwenyewe, na bibi yake, mama wa Mzee Kalisti, aliketi mlangoni mwa jiko akionja. Bibi akisema bado, basi bado, hata kama wageni wamejaa uani. Watu walipanda kutoka mjini kwa siku moja ili waonje tu na kutembezwa chini ya migomba.

Tulipofika, wenyeji walikuwa ndani wakichuja, na Evarist akaingia kuwasalimu. Mimi nikaona nigeuze gari mapema ili tupakie kwa urahisi. Njia ilikuwa nyembamba, haikuwezekana. Pembeni palikuwa na mstari wa masale, yale majani marefu ya kijani ambayo hakuna Mchaga asiyeyajua. Mimi niliyajua kama majani ya kuombea msamaha, basi. Marehemu baba alijaribu kunifundisha zaidi, nami nilikuwa nikipiga miayo. Sikujua kwamba yakipandwa kwa mstari kati ya vihamba viwili, yaani mashamba ya ukoo, huo ndio mpaka, na hakuna anayeugusa bila wazee wa ukoo kuwepo. Nikatoa panga chini ya kiti, nikafyeka kipande cha kutosha gari kupita.

Nilikuwa namalizia Evarist alipotokea. Uso wake ulibadilika, akafungua mdomo. Lakini baba yake alikuwa nyuma yake, ameshika kata iliyojaa mbege. Mzee aliyatazama masale yaliyolala chini, akanitazama mimi, kisha akaninyooshea kata kwa mikono miwili.

"Karibu, kijana. Kaa kwanza unywe."

Nikamfuata uani, nikaketi. Nilidhani, kama kulikuwa na neno, limekwisha.

Nilichokuwa sikijui ni hiki. Upande wa pili wa masale aliishi mdogo wake Mzee Kalisti, Severini. Ndugu hao wawili waligombania ule ukanda wa ardhi tangu baba yao afariki, hata wakawa hawazikani. Pasaka ya mwaka ule ndipo ukoo ulipowapatanisha, mpaka ukapandwa upya, wakala nyama moja mbele ya mama yao. Amani yenyewe ilikuwa bado changa.

Severini aliingia uani akiwa na panga mkono mmoja na shina la sale lililokatwa mkono mwingine. Alimwamkia mama yake shikamoo. Kwa kaka yake alipita bila salamu.

"Kaka," alisema, taratibu kabisa, "uliapa hapa, mbele ya mama. Kumbe ulikuwa unasubiri nilegee?"

Kata ilikuwa mdomoni mwangu na viganja vyangu bado vilikuwa na utomvu. Nikamtazama Evarist, nikitumaini atasema yeye. Alikuwa anatazama chini. Nikamtazama bibi kule mlangoni. Alinikazia macho hadi nikauficha uso wangu ndani ya kata.

Ndipo Mzee Kalisti akasema, "Yamekatwa upande wangu. Nidai mimi."

Severini akasema kuanzia siku ile hana kaka, akatoka. Bibi akaniita karibu, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mjukuu wangu, maliza hiyo mbege uliyoshika. Ukimaliza, utajua la kufanya."

Nikamaliza. Nikasema asante. Nikapakia mapipa, nikawasha gari, nikaondoka. Mwanangu, ile asante inaniuma kuliko panga.

Evarist aliteremka nami, uso ameugeuzia dirishani. Tulipofika sokoni Kwa Sadala akaniambia, "Nishushe hapa."

Nikamuuliza kulikoni. Akanieleza kwamba kwao mgeni hashtakiwi akiwa kwenye ua wao, na kata yao ikiwa mkononi mwake. Baba yake angepoteza kihamba kizima kabla ya kumnyooshea kidole mtu aliyemkaribisha. "Lakini sasa umeshaondoka kwetu," alisema. "Si mgeni wetu tena. Narudi kusema."

Nilimjibu kwamba yale ni majani tu. Alicheka vibaya. "Basi twende ukamwambie baba mdogo kwamba ni majani tu."

Aliteremka, akaanza kupanda kwa miguu. Nilibaki nimeshika usukani, wauza ndizi wakinigongea dirisha. Niliwaza kazi yangu, nikawaza lile panga la Severini. Mwishowe niligeuza gari, nikamkuta njiani, nikamwambia apande, nitasema mwenyewe. Alipanda nyuma, akakaa na mapipa.

Tulisikia panga kabla hatujafika. Severini alikuwa anaangusha mikahawa iliyo kando ya mpaka, ile aliyoipanda akiwa mtoto pamoja na kaka yake na baba yao. Alisema hataki kubaki na kitu chochote walichowahi kukishika pamoja. Kaka yake alisimama upande wake wa masale, mikono nyuma, akitazama tu. Hakuvuka.

Nilipita katikati yao. Nikasema ni mimi niliyekata, nilikuwa nageuza gari, sikujua.

Panga lilisimama hewani. "Umejua lini kwamba umekosea?"

"Ulipoingia uani."

"Na kaka alijua ni wewe?"

"Alijua."

Alimtazama kaka yake. Kisha akaketi chini katikati ya ile mikahawa, mingine bado ina matunda, akaweka panga kando.

"Ungesema pale pale," aliniambia, "ningekucheka. Ningekuita mtoto wa mjini, tukanywa wote."

Mzee Kalisti ndipo akavuka, akaketi karibu naye. Amani yao ilirudi, ingawa polepole na kwa vikao vingi. Mikahawa haikurudi. Kila nilipopita pale miaka iliyofuata, Severini alinisalimu vizuri, nami nilishindwa kumwangalia.

Sasa nisikilize, mwanangu. Utakosea. Utakosea kwa kutojua, na hilo watu watakusamehe, wengine hata kabla hujaomba. Lakini ukishajua, usijipe hata muda wa kumeza mate. Sema ukiwa umekaa pale pale kosa lilipo, mbele ya walioumia, kabla mtu mwema hajalibeba kwa niaba yako. Mtu akikuficha kwa heshima yake, usidhani umepona. Yeye ndiye anayelipa. Na usisubiri mwenzako aanze kuongea. Mimi nilisubiri, na mwendo wa kwenda Kwa Sadala na kurudi ulitosha kumaliza kazi ya marehemu baba yao.

Mungu akupe ulimi usioogopa siku utakayokosea. Akupe wenyeji wenye subira kama wale, na akujalie usiwagharimu. Ndugu zako wabaki ndugu zako hadi uzeeni. Nenda na amani, mwanangu.