Mashine Iliyomwamkia Aama

Kapasita ya redio ya zamani iliyoanza kuvuja, ukiipasha moto, inatoa harufu ya samaki. Sitanii. Wiki iliyopita nilikuwa nimeinamia amplifaya ya kwaya moja hapa Mbulu mjini, chuma cha kuchomelea mkononi, harufu ile ikapanda taratibu mpaka puani, harufu ya dagaa waliosahauliwa ndani ya gunia. Mteja aliyekuwa akisubiri alisogeza kiti chake akaniuliza mchana nimekula nini. Mimi nilikuwa nimeshafika mbali. Nilikuwa kibarazani kwa bibi yangu kule Nambis, nina miaka kumi, ukungu unateremka polepole juu ya mahindi, na nyumba nzima inagombana kwa ajili ya samaki ambaye hakuwapo.

Bibi huyo ndiye aliyemzaa baba, na sisi Wairaqw tulimwita Aama. Alikuwa mtu wa kizamani hasa. Kwake yeye samaki hakuwa chakula, alikuwa nyoka aliyehamia majini, na mtu aliyemla alipaswa kunawa, kusukutua na kukaa upande wa mlango. Nyumba yake ilinukia moshi na vibuyu vya maziwa, ambavyo alivisafisha kwa kaa la moto la mti aliouchagua mwenyewe. Nikiwa shuleni nilikuwa nikinusa sweta langu ili nimkumbuke.

Katika nyumba hiyo ndimo ilimokaa kompyuta ya baba. Msifikirie hizi za siku hizi. Ilikuwa ya aina ile ambayo mashine nzima imo ndani ya kibodi, unaichomeka kwenye televisheni, na programu inasomwa kutoka kwenye kaseti, kaseti zilezile za mapambio. Baba alikuwa mwalimu wa hesabu, na alipewa na mwalimu mwenzake mgeni aliyekuwa akirudi kwao. Jioni baada ya kusahihisha madaftari aliketi mbele yake, nami nikaketi kwenye kigoda ubavuni pake, nikitazama herufi zikijipanga kwenye kioo moja baada ya nyingine. Mara nyingine nililala hapohapo, nikiota namba.

Siku moja baba alianza kuumwa, lakini jioni bado aliketi mbele ya kioo. Haukupita mwezi, mashine nayo ikaanza kutetemesha picha, kisha ikazimika kabisa. Siku wanampeleka hospitali alisimama mlangoni akiwa amejifunika blanketi, akasema, "Kuna kitu nimeandika kwenye kaseti ya bluu. Nikirudi nitawaonyesha." Hakurudi.

Mama alikuwa akifundisha kule Getanuwas, nyumbani akija mwisho wa mwezi, kwa hiyo nilibaki mimi na Aama, na kaseti ya bluu ambayo niliificha ndani ya soksi. Kwa miaka miwili nilitaka kitu kimoja tu: kujua baba aliniandikia nini. Sikuwa na shaka hata kidogo kwamba aliniandikia mimi. Nani mwingine alikuwa akikaa kwenye kigoda kile?

Aliyeniokoa ni baba mdogo Tluway, mdogo wake baba, fundi redio wa Mogitu. Nilimsumbua kila alipokuja, mpaka Jumapili moja akaja na mfuko wa vifaa. Tulipotoka kanisani alifungua mashine kwenye meza ya kulia chakula, akaichungulia, akaguna kwa kuridhika.

"Tazama hizi, Paskalina," akasema. Alinionyesha vikopo vidogo vilivyosimama kwenye bodi, vingine vimevimba vichwa, vingine vimelowa miguuni. "Hizi ni kapasita. Kazi yake ni kutunza umeme kidogo na kuutoa taratibu. Zinazeeka hata kama hakuna anayezitumia. Mashine yote ni nzima, ila hizi."

Alikuwa amekuja na nyingine alizozing'oa kwenye televisheni zilizokufa. Macho yake yalikuwa yameanza kuchoka, hivyo kazi ya kusoma namba zilizoandikwa ubavuni ikawa yangu. Nilisoma, nikatafuta inayolingana, nikampa. Alinifundisha kwamba upande wenye mstari mweupe ni hasi, na ukikosea upande italipuka. Nilihakikisha kila moja mara tatu. Jua la saa nane liliingia dirishani, moshi wa risasi ya kuchomelea ukapanda ndani yake ukijinyonganyonga.

Ndipo chuma kikagusa kapasita iliyovuja, na Aama akatokea jikoni.

Alisimama, akanusa. Akanusa tena. Alimtazama mwanawe kuanzia viatuni mpaka kichwani.

"Tluway. Umeleta samaki kwenye nyumba yangu."

"Hapana, mama. Ni mashine hii."

"Mashine inakula samaki?"

"Ni dawa iliyomo ndani ya vitu hivi. Ikipata moto inanuka hivyo."

"Mke wako ni mtu wa ziwani," akasema Aama kwa upole, na upole wake ulikuwa mbaya kuliko fimbo. "Kula huko Mogitu, sijakukataza. Lakini unakuja kwangu na mikono hiyo, unashika meza yangu, halafu unasingizia chuma."

Baba mdogo, mtu mzima mwenye watoto wanne, alinyoosha mikono yake inuswe. Lilikuwa kosa kubwa, maana ilikuwa imelowa maji ya kapasita. Aama alinusa, akarudi nyuma hatua mbili. Nilijaribu kumwambia kwamba baba mdogo anasema kweli, akanijibu kuwa mtoto anayetetea uongo wa mkubwa atajifunza wa kwake. Akatoa hukumu: tuhamie kibarazani, na kabla ya ng'ombe kurudi zizini kitu kile kiwe kimefungwa kwenye mfuko, kiende Mogitu, kisirudi.

Karakana ya baba mdogo nilikuwa nimewahi kuiona. Redio zilizoingia mle zilitoka moja moja, tena zikiwa vipuri vya redio nyingine. Mashine ikienda huko, sauti ya baba ingekwenda nayo.

Tukahamia kibarazani. Baba mdogo alitaka kuharakisha, nami nikamwambia haraka haraka haina baraka, akanitazama kwa kuwa methali ile alikuwa amenifundisha yeye. Ukungu ulikuwa umeanza kuteremka. Kengele za ng'ombe zilisikika mbali upande wa bondeni, na kila ziliposogea nilipoteza namba niliyokuwa naisoma. Tulipomaliza kapasita ya mwisho, baba mdogo aliomba ruhusa tuingie ndani mara moja tu, tuijaribu kwenye televisheni. Aama alikuwa ameketi karibu na mlango, kitenge kimeziba pua. Alisogeza miguu, tukapita.

Kioo kilikuwa cheusi, kisha kikawa cha kijivu, halafu kikatulia na kuwa cheupe. Nilitoa kaseti kwenye soksi, baba mdogo akaitia kwenye redio kaseti aliyoiunganisha na mashine. Redio ilianza kupiga kelele ile nyembamba ninayoikumbuka mpaka leo, ya nyenje wengi ndani ya debe. Aama aliuliza kama inaumwa. Tuliisikiliza kwa dakika nyingi, baba mdogo amefumba macho, mimi nimeshika ukingo wa meza. Kelele ikakatika. Kwenye kioo yakatokea maneno: JINA LAKO NANI?

Nilitafuta herufi, moja moja, nikaandika PASKALINA.

Mashine ikajibu: SHIKAMOO, PASKALINA.

Baba mdogo alicheka mpaka akashika mbavu. Nilipomsomea Aama, hata yeye aliteremsha kitenge. "Inamwamkia mtoto," akasema. "Kumbe haina adabu. Haijui mkubwa na mdogo." Mimi sikucheka. Nilibonyeza, ikauliza: NG'OMBE HAWAJAMBO? Sikuwa na ng'ombe hata mmoja. Nilibonyeza tena, ikauliza kama mvua imenyesha, kama mguu bado unauma. Mguu wangu haukuwahi kuuma. Miaka miwili nilikuwa nimengoja, na baba hakuwa hata ananifahamu.

"Andika jina langu," akasema Aama.

Nilirudisha mwanzo, nikaandika AAMA kwa hasira, nikasoma bila kumtazama. "Shikamoo, Aama."

Aama alirekebisha kitenge chake mabegani, akaketi wima, kama alivyoketi kila alipopokea mgeni wa heshima. "Marahaba," akasema. Hakumjibu baba mdogo wala mimi. Alikijibu kioo.

"Ng'ombe hawajambo?"

"Hawajambo. Yule mwekundu amezaa, ndama jike. Yule wa pembe moja tulimuuza."

"Mvua imenyesha?"

"Imechelewa. Lakini mahindi yapo."

"Mguu bado unauma?"

"Asubuhi tu. Jua likitoka unaacha."

Hakuharakisha hata swali moja. Baba mdogo alikuwa ameacha kucheka, anatazama ukutani. Nilibonyeza mara ya mwisho, na mstari wa mwisho ukatokea, nikausoma kama nilivyosoma mingine, maana nilikuwa na miaka kumi na nilikuwa nimenuna. "Mimi sijambo."

"Nashukuru," akasema Aama. "Nashukuru, mwanangu."

Ng'ombe waliingia zizini na hakuna aliyeinuka. Baadaye Aama alisema mashine ifunikwe vizuri vumbi lisiingie, akaenda kukamua. Mimi nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia peke yangu, kwa wivu mtupu, na nasema hivyo kwa aibu. Niliona baba amekosea. Nilidhani aliniandikia salamu yangu, ugonjwa ukamchanganya, akaandika shikamoo pasipostahili.

Nilikuwa nimeshakua, nimejifunza programu mwenyewe, nilipoifungua programu ya kaseti ile na kusoma mistari yake yote. Ilikuwa mifupi. Mashine ingemwamkia yeyote aliyeandika jina, hata mbuzi. Lakini baba alikuwa mwalimu, na mwalimu wa Nambis hawezi kumwamkia binti yake shikamoo hata akiwa na homa. Hakuna alipokosea. Tangu neno la kwanza alikuwa anaongea na mama yake, na mimi nilikuwa nimeingilia mazungumzo ya wakubwa.

Nilikaa na jambo hilo siku kadhaa, likiniuma kidogo, mpaka nikafikiria jambo jingine, dogo sana, ambalo lilikuwa mbele yangu siku zote. Aama hakujua kusoma hata herufi moja, na baba alilijua hilo kila alipobonyeza kitufe. Alikuwa anaandika barua ambayo mama yake asingeweza kuisoma, kwenye nyumba ambayo, yeye akiondoka, siku nyingi angekuwamo msomaji mmoja tu. Aliandika akijua ni nani atakayeketi pale na kuitamka. Maneno yalikuwa ya Aama. Sauti aliyoitegemea ilikuwa yangu.