Turubai la Mama Imrani

Siku nyumba ya Mwanamvua, Mama Imrani, ilipopigwa mnada, majirani zake wa Ipagala walijifungia ndani. Hawakufanya hivyo kwa ubaya. Mtu akifikwa na fedheha, jirani mwenye adabu hajitokezi kukodoa macho; humsitiri. Basi wakamsitiri mpaka nyumba ikaenda. Baadaye alipolalamika mahakamani kwamba hata siku hiyo hapakuwa na tangazo la mnada mlangoni kwake, hakimu alimtaka alete mashahidi. Hakuwa nao. Mtaa mzima ulikuwa ndani, umeshika adabu.

Akapanga chumba Kizota, ubavuni mwa karakana ya kuchomelea mageti, akaendelea kuuza vitenge. Kitu pekee cha Ipagala alichobaki nacho ni chama cha kufa na kuzikana. Yeye ndiye mtunza vyombo: masufuria, viti na turubai, vyote viko mikononi mwake.

Katika kikao kimoja alisimama akasema, "Mtu akifa tunakwenda. Mtu akitolewa nyumbani kwake tunajifungia. Nani anaumia zaidi, aliyekwisha kufa au huyu anayetupiwa vitanda nje?"

Wazee wakaguna. Yotham, mwenyekiti, akasema katiba ya chama ni ya maiti tu. Mwanamvua akamjibu kwamba katiba iliandikwa kwa kalamu, na kalamu bado zinauzwa dukani. Walibishana wiki tatu. Mama huyu aking'ang'ania jambo, heri ruba. Mwishowe wakaongeza kifungu cha anayetolewa nyumbani.

Wa kwanza kufikwa alikuwa Debora, fundi cherehani aliyepakana naye ukuta enzi zile. Mumewe aliweka nyumba yao rehani kimyakimya, kisha akaenda zake Geita kutafuta dhahabu. Sheria inataka mke akubali kwanza, na saini ya kwenye fomu haikuwa ya Debora. Wakili wa msaada wa kisheria alikwisha kuomba zuio la mahakama, nalo lilipangwa kusikilizwa Jumatatu. Mnada ulitangazwa Jumamosi. Nyumba ikipata mnunuzi siku hiyo, Jumatatu ingekuwa ya kufutana machozi tu.

Jumamosi saa nne asubuhi dalali alishuka na kipaza sauti, nyuma yake wanunuzi wawili. Walikuta turubai limefungwa uani, wanawake mikekani, wanaume vitini, masufuria jikoni yanatokota. Mnunuzi mmoja, mtu mzima, akavua kofia, akasogea taratibu na kumkabidhi Yotham rambirambi.

"Nani amefariki?" dalali akauliza kwa sauti ya chini.

"Hajafa mtu," akasema Mwanamvua. "Safari hii tumewahi."

Dalali akawaka, akasema ataita polisi.

"Waite, baba. Chai ipo ya kutosha."

Dalali akanadi mara tatu. Hakuna aliyetaja bei. Mnunuzi wa pili alimtazama mwenziwe, na mwenziwe akatikisa kichwa. Nyumba iliyokwisha kutandikwa mikeka ya matanga, nani atalala humo apate usingizi? Wakaondoka. Yotham akamkimbilia yule mzee amrudishie noti yake, mzee akakataa katakata. Rambirambi, alisema, hairudi mfukoni.

Jumatatu zuio likatoka. Kesi ingalipo, na mume hajaonekana, lakini Debora analala kwake.

Siku hiyo hiyo jioni Mwanamvua alifuata vyombo vya chama. Debora akamsaidia kukunja turubai, huyu ncha hii na yule ile. Walipokaribiana, Debora akasema bila kuinua macho, "Mama Imrani, siku ile yako na mimi nilikuwepo. Nilivuta pazia."

"Najua," akasema Mwanamvua. "La kijani, lenye maua. Liliniuma kuliko dalali. Haya, vuta upande wako, tulikunje vizuri. Hatujui kesho linakwenda kwa nani."