Pikipiki ya Morotonga na Jina la Chacha

Hiki si kisa nilichosimuliwa kijiweni. Kimenipata mimi mwenyewe, tena giza lilikuwa bado halijaingia, na pikipiki yenyewe iko hapa uani kwangu Itiryo, imefunikwa turubai. Njoo uione kama una ubishi. Wengi walibisha, wakaja, wakaondoka kabla ya chai.

Wakati ule dhahabu ilikuwa imewatia watu kichaa. Kule Kemambo, upande wa Nyamongo, ardhi ilichimbwa kila mahali, vijana wakaacha mihogo ioze ardhini, na kila aliyepata alinunua kitu chenye kelele. Mdogo wangu Chacha naye alikuwa huko, kwenye duara, maana ndivyo yanavyoitwa mashimo ya wachimbaji wadogo. Kwa mama yetu tumebaki wawili tu, mimi na yeye. Sikuwa napata usingizi. Kila nikifumba macho naota shimo.

Sasa mwamba wao ulipotoa dhahabu, unadhani aliwaza ng'ombe? Aliwaza bati? Aliwaza pikipiki. Tena si hizi za kubebea abiria. Alitaka ile ya kuinama, yenye makava ya rangi na tangi lililotuna kama inaenda kwenye mashindano. Dalali mmoja wa Mugumu alimtumia picha kwenye simu: nyekundu, cc mia mbili, ipo Morotonga, hapo hapo Mugumu.

"Mura, hiyo ni sura tu," nilimwambia, maana kwetu kijana tunamwita mura. "Ndani ni bodaboda."

"Ndiyo hiyo hiyo naitaka, kaka. Ya kuanzia. Kubwa itakuja mbele ya safari." Halafu akaanza kunibembeleza. "Nenda uniangalizie. Mimi nikiacha zamu yangu hapa duarani, mgao wangu unaliwa na mwingine. Wewe una jicho la baba."

Alinipata hapo hapo. Baba yetu alikuwa anatumwa na watu kuwanunulia ng'ombe hadi ng'ambo ya mpaka, kwa wajomba zetu Kenya. Alikuwa anatazama kwato, meno, macho, namna mnyama anavyosimama akiwa hana habari kama anatazamwa. Akiridhika, alikuwa na desturi moja ambayo hakuiacha hata siku moja. Anaweka kiganja mgongoni mwa ng'ombe na kutamka jina la yule aliyemtuma, na la baba yake, na kwao, pale pale kabla mnyama hajatoka zizini. Bila hivyo, alisema, ng'ombe hajui yeye ni wa nani, na usiku atakata kamba arudi alikotoka.

Akanitumia fedha ya kuinunulia, nikaenda. Mvua ilikuwa imeharibu barabara, kwa hiyo nilifika Morotonga jua limeshaanza kuinama. Nyumba ilikuwa ya bati, ya tofali za kuchoma, imejitenga kidogo na barabara. Pikipiki ilikuwa imesimamishwa mbele ya mlango. Kando yake kijana mrefu, mnene wa mabega, amekaa kwenye kigoda. Nyusi zake zilikuwa na vumbi la kijivu, lile vumbi la karasha za kusagia mawe. Nikajua huyu naye ni mtu wa machimbo.

"Karibu, mura," akasema. "Itazame. Usione haya."

Nikaitazama kweli. Kwanza nilishika injini, nikakuta ya baridi, nikafurahi, maana muuzaji mjanja huiwasha mapema ili usijue kama ina shida asubuhi. Cheni haikulegea. Meno ya sproketi hayakuchongoka. Shokapu za mbele kavu, hazivuji oili. Nilitafuta mikwaruzo kwenye ncha za usukani, mahali ambapo pikipiki iliyoanguka haiwezi kuficha, sikuona kitu. Nikapiga magoti nikatazama fremu kwa nyuma, matairi yote mawili yako kwenye mstari mmoja. Ilikuwa safi mno. Moyo ulianza kunidunda hapo, nami nikajidanganya kwamba ni furaha. Nilitamani ubovu, nakwambia ukweli. Nilitaka nipate cha kumwambia Chacha aiache.

"Itakuwa ya nani?" kijana akauliza. "Yako?"

Na mimi, kwa ile akili ya kukulia zizini, nikaweka kiganja juu ya tangi. Nilikuwa natania nusu. "Ya Chacha wa Marwa, wa Itiryo," nikasema. "Yuko Kemambo, duarani."

Yule kijana hakucheka. Aliinamisha kichwa polepole. "Nimesikia," akasema. "Panda tuijaribu. Nitakaa nyuma."

Sijui kama umewahi kupakia mtu kwenye pikipiki za aina hii. Kiti cha nyuma ni kidogo na kimeinuka, na shokapu yake ni moja. Akipanda mtu mzima lazima uisikie inashuka, usukani unakuwa mwepesi, unajirekebisha. Kijana yule alikuwa na mwili kunizidi. Akapanda. Pikipiki haikushuka hata kidogo.

Nikajiambia shokapu ni ngumu, ndiyo kasoro yenyewe, nimeipata. Tukaingia barabara ya kwenda Nyamongo. Gia ya kwanza, ya pili, ya tatu, inavuta kama nimepanda peke yangu. Lakini shingoni nilisikia baridi na harufu ya udongo mbichi, udongo wa chini kabisa. Nikatupa jicho kioo cha pembeni. Barabara. Kioo cha pili. Barabara na ng'ombe wawili wa watu. Amini usiamini, nilishindwa kugeuza shingo.

"Duara lao lina maji?" sauti ikauliza nyuma ya sikio langu.

Nikaingiza gia ya nne.

"Zamu yangu ilikuwa imebaki nusu," ikasema. "Sasa amepatikana wa kuimalizia. Endesha, mura, tumfuate."

Kulikuwa na daraja dogo mbele. Nilikanyaga breki hadi tairi la nyuma likateleza, nikaruka chini, nikaanguka kwenye majani. Niliponyanyuka pikipiki ilikuwa imesimama yenyewe katikati ya daraja, imezimika, na hakuna mtu. Nikampigia Chacha. Haipatikani. Nikapiga tena. Haipatikani. Chini ya ardhi hakuna mtandao, hilo nalijua, lakini nilipiga na kupiga huku nalia kama mtoto.

Ningeweza kukimbia nikaiacha pale. Kwa nini sikukimbia? Kwa sababu jina lilikuwa limeshatoka mdomoni mwangu, na halikuwa langu. Nikaisukuma hadi kwenye ile nyumba ya bati. Mlangoni nikamkuta mama wa makamo mwenye Biblia mkononi, anatoka kanisani. Aliniona, akaiona pikipiki, akashika ukuta.

"Shikamoo mama," nikasema. Hata kwa hofu ile, salamu ilitoka.

"Marahaba. Nani amekutolea hiyo?"

Nikamweleza: mrefu, mabega, vumbi kwenye nyusi. Akafungua pindo la kanga yake akanionyesha funguo mbili, ya mlango na ya pikipiki. Mlango ulikuwa bado na kufuli. Nikatazama mahali pa ufunguo kwenye pikipiki, pako wazi, hapana kitu. Mimi, mwenye jicho la baba, nilikagua kila kitu nikasahau kutazama kama kuna ufunguo.

"Ni mwanangu," akasema. "Duara lilimfukia huko Kemambo. Hawakumtoa. Wanunuzi wote wanaokuja anawatazama tu. Hajawahi kupanda na mtu." Akanisogelea. "Umetamka jina?"

"La mdogo wangu. Yuko duarani sasa hivi."

Akakaa chini pale pale kwenye tope. Alijua desturi ile, wao pia ni wafugaji. "Basi umemkabidhi kwake," akasema. "Jina haliondoki pakabaki patupu, baba. Likitoka hilo, lazima liingie la mwingine. Mimi sikushauri kitu. Mimi nimeshazika bila mwili, sitaki kumzika na mtoto wa mwenzangu."

Utafanyaje hapo? Niambie wewe. Nilikuwa na mke, nilikuwa na watoto wadogo. Niliwafikiria, naapa niliwafikiria. Halafu nikamfikiria mama yetu akiambiwa habari za shimo. Nikaweka kiganja juu ya lile tangi, nikasema hii si ya Chacha, nimekosea, hii ni yangu. Nikataja jina langu, la baba, na kwetu. Hapo ndipo shokapu ya nyuma iliposhuka. Taratibu, mbele ya macho yangu na ya yule mama, kama mtu mzito amepanda na kutulia.

Simu ikaita. Chacha.

"Kaka, uko huku machimboni?"

"Niko Morotonga."

"Acha utani. Nimekusikia unaniita kutoka chini, Chacha wa Marwa, Chacha wa Marwa, hivyo hivyo unavyoniita. Nikashika kamba nishuke zaidi. Halafu ukanyamaza, nikapanda juu." Akahema kidogo, kisha sauti yake ikachangamka. "Haya, niambie. Inavuta?"

"Nimeichukua mimi," nikasema.

Nilimweleza yote, siku ile na siku nyingine nyingi. Niliuza madume yangu ya plau kumlipa yule mama, fedha ya Chacha nikamrudishia yote. Haikusaidia. "Kaka, ungesema tu kwamba umeitamani," ndivyo alivyonijibu. Mama yetu alikufa bila kutuona tukila sahani moja.

Usiniulize kwa nini sijaiuza au kuichoma. Nikiichoma, jina langu litaenda wapi? Sina uhakika, na sitaki kujaribu. Naiendesha ninapolazimika tu. Fundi hushangaa tairi la nyuma linavyoisha upesi, ananiambia nipunguze abiria. Mke wangu hapandi.

Wewe ukitumwa kumkagulia mtu kitu, kagua, rudi, umwambie ulichokiona. Gusa injini, tazama cheni, na kabla ya vyote tazama kama kuna ufunguo. Lakini jina lake usilitaje. Aende alitaje mwenyewe kwa mdomo wake.

Chacha aliacha machimbo, ana duka Tarime mjini, ana wana watatu. Juzi nilisimama kando ya barabara kutia mafuta, akapita kwa miguu upande wa pili, akageuza uso kama kawaida yake. Nilimtazama mpaka akapinda kona. Nyuma ya sikio langu, kwa upole kabisa, sauti ikauliza, "Yule ndiye?"

Niliwasha injini, tukaondoka.