Punda, Sinki na Mfereji wa Mheshimiwa

Fyuuu, halafu kikohozi kidogo, halafu kimya. Huo ndio mlio mfereji wetu wa maji ulitoa siku ulipofunguliwa mara ya kwanza pale Kitengela, na hata leo ukiniambia niuige nitauiga bila kukosea. Ulikuwa upepo. Tulisimama mbele yake na ndoo zetu, mama, mimi na landilodi, tukingoja upepo uishe maji yafuate, kwa sababu fundi alisema mabomba mapya huanza hivyo.

"Inapumua," landilodi akasema. "Kitu inapumua iko hai."

Mama akacheka. Mimi nikaacha ndoo yangu hapo chini ya mfereji, nikaenda kuangalia sinki yangu.

Afadhali nianze na punda. Baada ya baba kufariki, mama aliuza maji. Alikuwa anajaza mitungi kwenye kisima cha mtu, anaipanga kwa mkokoteni, punda anavuta. Yule punda alijua wateja wote. Alikuwa akifika kwa geti la mtu anayenunua, anasimama mwenyewe, na akipita kwa mtu aliyekataa kulipa mwezi uliopita, hasimami. Mama alikuwa anatembea nyuma akiongea na simu. Biashara ilikuwa ya punda.

Kisha mheshimiwa akaja. Alikuja na magari mengi na hema, akasema serikali imepata mkopo mzuri kutoka ng'ambo, na mvua ikiisha kila ploti itakuwa na maji ya mfereji. Landilodi, mzee mmoja kutoka Murang'a ambaye hupigia makofi watu wachache sana, alivaa koti siku hiyo akapiga makofi. Wiki iliyofuata mitaro ikachimbwa kweli na mabomba yakalazwa. Tuliyaona kwa macho. Hakuna mtu alituambia tuamini kitu ambacho hakipo.

Mama akafanya hesabu yake. "Nani atanunua maji ya punda na yuko na mfereji kwa mlango?" aliniuliza. Aliona wenzake wanaouza maji hawajashtuka bado, na siku wakishtuka punda watakuwa wengi sokoni. Akampandisha wake lori mpaka soko la Bisil mapema, akamuuzia mama mmoja Mmaasai.

Alirudi jioni na kamba mkononi. Kwetu Ukambani ukiuza mnyama unatoa mnyama, hautoi kamba, maana kamba ikienda, bahati ya mifugo inaenda nayo. Wamaasai pia wako na hiyo, kwa hivyo mnunuzi alikuwa amekuja na kamba yake. Mama akaitundika ya kwetu kwa msumari nyuma ya mlango, akanawa mikono, akaniambia nifunge macho. Nilipoyafungua nilikuwa nimeshika risiti, na kesho yake lori ndogo ikaleta sinki iliyonunuliwa kwa pesa ya punda.

Niliachia shule kidato cha pili, na kusuka nilifundishwa na jirani kwenye kibaraza. Nilikuwa naosha wateja kwa jagi, wameinama juu ya beseni, sabuni inawaingia machoni wanapiga kelele. Hii ilikuwa sinki ya saluni, nyeupe, na pale mbele imekatwa mahali pa kulaza shingo. Fundi aliifunga ukutani ndani ya chumba chetu cha mbele, akavuta bomba kutoka nje. Nilikuwa nimeshachagua rangi ya ukuta. Kuna wakati nililaza shingo yangu pale, nikaangalia mabati, nikajisikia nikiambiwa na mteja kwamba maji yana joto zuri.

Mvua ikaisha. Mfereji ukawa unapumua asubuhi, baadaye ukaacha hata hiyo. Landilodi alikataza mtu kuufunga. "Wacha wazi," alisema, "nataka kuisikia ikija." Ploti jirani pia waliacha yao wazi. Ungepita mtaa wetu wakati huo ungeona mifereji yote imeachama midomo.

Halafu ikaja lori, na msimamizi wa wale waliochimba mitaro, kijana mpole wa macho mekundu. Alikuja kuchukua mabomba yaliyobaki kando ya barabara. Wanawake wakamzunguka.

"Unabeba maji yetu unapeleka wapi?" mama akamuuliza.

"Mama, si maji. Ni mabomba."

"Na maji yako wapi?"

"Serikali haijatulipa. Wafanyakazi wangu wamelala njaa, mimi mwenyewe benki inanitafuta. Tukienda ofisini tunaambiwa pesa yote imeenda kulipa deni la ng'ambo."

"Si mlisema hii bomba ndiyo hiyo mkopo?"

"Ndiyo."

"Kwa hivyo tumekopa, tukalipa, na bomba haijaisha?"

Kijana alivua kofia akajikuna. "Mama, mimi nilisomea mabomba," akasema. Watu wakacheka, wakamwachia njia. Mama alimpa chai kabla hajaondoka.

Siku zile redio ilikuwa haina habari nyingine. Unga umepanda, mafuta yamepanda, kodi mpya inakuja. Mkubwa mmoja akaeleza kwamba kila Mkenya ako na sehemu yake ya deni, hata mtoto aliyezaliwa leo. Mama alikuwa anakunja nguo za watu, maana sasa alikuwa anafua kwa kibarua, tena kwa maji ya kununua kutoka kwa wenye punda. "Basi na sisi tulikopa," alisema. "Mimi nilidhani nitakumbuka." Vijana walipochoma matairi kwa barabara ya Namanga, moshi uliingia mpaka ndani ya sinki, nikaifuta. Landilodi hakuenda kuandamana wala hakuwatukana. Alisema tu kwamba mheshimiwa akitokea kwa runinga yeye anazima stima ya ploti nzima, hataki kumlipia mwangaza.

Kufua kulimmaliza mama mikono. Vidole vilipasuka, usiku alivipaka mafuta ya kupikia. Sikumsikia akijuta. Lakini asubuhi moja nilimkuta ameshika ile kamba, anaivuta kama anaipima nguvu, na akaniambia nivae viatu, tunaenda Bisil.

Yule mama wa Kimaasai tulimkuta kando ya soko, amekaa kwa kivuli cha lori la mbuzi.

"Takwenya," mama akasalimu.

"Iko," akaitikia. "Wewe!" Akasimama. "Wewe ndio nilikuwa natafuta. Uliniuzia nini?"

"Punda, yeyo," mama akajibu, akimwita mama kwa lugha yao.

"Hiyo si punda, hiyo ni karani wa serikali! Inasimama kila geti! Natoka mtoni na maji, inasimama kwa boma ya shemeji, inasimama kwa kanisa, inasimama kwa duka. Ukichapa inakuangalia. Watu wanatoka wanauliza tunauza nini."

Nilicheka mpaka nikashika tumbo. Mama hakucheka, alikuwa anafuta macho.

"Ni kamba," yule mama akasema kwa sauti ya chini. "Uko na kamba yake, si ndiyo?"

"Iko kwa msumari."

"Basi roho yake iko hapo kwa msumari. Mimi nitafanya nini? Leta pesa yangu, ile ile, uchukue mtu wako."

"Huongezi hata kidogo? Bei imepanda."

"Mimi si serikali. Riba wachia hao." Akatema mate kando. "Lakini nitakungoja mpaka soko lijalo tu. Kuna mtu wa Loitokitok anataka mnyama wa kubebea nyanya, na huyo hatauliza kama inasimama."

Tukirudi, mama alisema ataomba mkopo kwa chama chake cha akiba. Tulijua sote wawili chama hakina kitu, wanawake walikuwa wameshagawana kilichobaki wanunue unga. Tulipofika Isinya akageuka akaniangalia. "Hiyo sinki usiiguse," akasema. "Nimesema."

Keshokutwa yake alienda kufua. Mwenye saluni moja Kajiado mjini, ambaye ako na kisima chake, alikuwa amenijibu kwa simu kwamba ataichukua na mtu wake wa pikipiki anakuja. Nikaazima spana kwa landilodi, nikamwambia kuna kitu kimelegea. Hakuuliza. Nati ya mwisho ilikataa, nikakaa chini nikaisukuma spana kwa miguu mpaka ikafunguka. Sinki ikabaki mikononi mwangu, nzito na baridi, nikailaza kitandani kama mgonjwa.

Nilitafuta kitu cha kuifungia. Mkono ukaenda kwenye ile kamba nyuma ya mlango, nikaurudisha. Nikaifunga kwa leso zangu mbili.

Pikipiki ilikuwa haijafika. Nikatoka nje. Ploti ilikuwa tupu, na mfereji ulikuwa umeachama mdomo kama kawaida, na buibui amejenga ndani. Nilimtoa kwa kijiti, nikamweka ukutani. Nikaweka sikio pale nikasikiliza kidogo. Halafu nikaufunga, nikaukaza kabisa, ili maji yakija wakati hakuna mtu nyumbani, yasimwagike.