Aliyecheza Namba Zote

Mtoto wangu wa mwisho alipopata kazi Nairobi, nyumba yangu ya Makutano, hapa Meru, ilibaki na mimi na redio. Siku za kazi sikuona tofauti kubwa, maana nilikuwa ofisini hadi jioni, nikijibu maswali ya watu waliokuja kuuliza habari za mashamba yao. Jumamosi ndiyo iliyonishinda. Nikishafua na kupiga nguo pasi, mchana ulikuwa mrefu mno. Basi Jumamosi moja nilifuata kelele zilizotoka kwenye chuo kilicho nyuma ya mtaa wetu, nikakuta wasichana wakicheza mpira wa kikapu kwenye kiwanja cha saruji, na watu wachache wameketi kwenye nyasi za ukingoni wakishangilia. Nikaketi nao. Sheria za mchezo sikujua hata moja.

Aliyenikaribisha ni mzee mmoja Mwislamu mwenye malori, mtu wa Meru mjini tangu babu yake. Alikuwa ameleta mchanga wa kujengea bweni hapo chuoni, akasimama kidogo kutazama, na tangu siku hiyo hakukosa mechi. Alinimiminia chai ya tangawizi kwenye kifuniko cha chupa yake.

"Dada, usisumbuke na sheria," aliniambia. "Mtazame yule mmoja tu. Ukimwelewa yeye, umeelewa mchezo."

Yule mmoja alikuwa nahodha. Hakuwa mrefu kuliko wenzake wala hakuwa na mbio kuwashinda wote. Lakini nilipomfuata kwa macho nikaona jambo la ajabu. Mpira ukianzia nyuma, ni yeye aliyeudunda kuupeleka mbele, kichwa juu, akiwaelekeza wengine kwa mkono mwingine. Ukifika mbele, tayari alikuwa chini ya kikapu akisukumana na majitu. Wapinzani wakipata mpira, yeye ndiye aliyepewa mchezaji wao mkali zaidi amkabe, awe mrefu au mfupi. Alitupa kwa mkono wa kulia, akizibwa anahamia wa kushoto. Siku mlinzi wa timu yake alipoteguka kifundo, alicheza nafasi yake. Siku mchezaji mrefu wa timu alipougua, alicheza hiyo pia, akaruka na wasichana waliompita kichwa kizima, na mipira akaipata.

"Huyu ni kama lori langu la zamani," mzee alisema. "Saruji linabeba, mbao linabeba, ng'ombe wanapanda. Huliulizi limezoea nini."

Tulicheka, na msemo huo ukawa wetu. Kila alipofanya kitu ambacho hatukutarajia, mmoja wetu aliita, "Ng'ombe wamepanda!" na ukingo mzima ukashangilia. Mwishowe yeye mwenyewe alitaka kujua tunamaanisha nini. Alikuja baada ya mechi, jasho likimtiririka, akatuamkia kwa heshima, akauliza. Mzee alipomweleza aliinama akacheka mpaka akashika magoti.

"Kwa hiyo mimi ni lori, mzee?"

"Lori zuri, binti yangu. Halijawahi kuniacha njiani."

Hivyo ndivyo tulivyojuana naye. Alikuwa mtoto wa Kibugu, kule juu Embu karibu na msitu wa mlima, kwa watu wa majani chai. Baba yake alifariki yeye akiwa shule ya msingi. Mama yake alikuwa na shamba dogo la chai na hakuwahi kufika Meru. Mimi aliniita anti, na kwa kuwa Kiembu chake na Kimeru changu cha Kanyakine vinasikilizana, wakati mwingine tulizungumza kila mtu kwa lugha yake, mzee akilalamika kwamba tunamsengenya.

Nilimpenda kwa uchezaji wake, lakini kuna siku nilimpenda zaidi. Msichana mmoja mgeni kwenye timu, mwaka wake wa kwanza chuoni, alitoa pasi mbovu mara mbili mfululizo na wapinzani wakafunga zote mbili. Watu wakaguna. Macho ya yule msichana yakajaa machozi mbele yetu sote. Nahodha alimwomba refa asubiri, akamwendea, akapiga goti moja chini na kuanza kumfunga kamba za viatu. Alizifunga taratibu huku akimwambia maneno ambayo hatukuyasikia. Aliposimama, yule msichana alikuwa ameshafuta machozi, na pasi iliyofuata ilimfikia mwenzake kifuani. Baadaye yule mgeni alinieleza kwamba kamba zake hazikuwa zimefunguka.

"Alizifungua mwenyewe kwanza," alisema. "Halafu akaniambia, 'Pumua tu mpaka nimalize.'"

Msimu uliofuata ulipoanza, wakati wa baridi ile ya ukungu, tuliona anashika magoti mara nyingi. Anakimbia, anafunga, kisha anainama. Kocha alianza kumtoa nje mapema, na yeye alikuwa akirudi kabla hajaitwa. Njia ya kutoka kiwanjani hadi bwenini ina mlima kidogo, na jioni moja tukipanda pamoja alisimama katikati, mkono kifuani.

"Ni nini, mwanangu?"

"Ni hii baridi tu, anti. Itaisha."

Haikuisha. Alianguka kwenye mazoezi siku ya katikati ya wiki, wakampeleka hospitali. Madaktari walisema ni moyo. Alipokuwa mdogo aliugua koo mara kwa mara, homa zikaja na kupita, na hakuna aliyejua kwamba zilikuwa zikila milango ya moyo wake kidogo kidogo. Alihitaji kufanyiwa upasuaji Nairobi, na foleni ilikuwa ndefu. Kukimbia akakatazwa kabisa.

Hayo alitueleza yeye mwenyewe. Jumamosi hiyo alikuja kiwanjani na sweta zito, akaketi kati yangu na mzee, mahali ambapo hakuwahi kuketi mchezo ukiendelea. Alizungumza kama anayepeleka ujumbe wa mtu mwingine.

"Wamesema nisicheze tena. Hata nikipasuliwa, labda nisicheze."

Mzee alivua kofia, akaigeuza mikononi, akaivaa tena. Mimi nilimshika mkono.

"Msilie sasa," alisema. "Wanatuangalia. Wakiona mnalia watacheza vibaya."

Kisha akasimama, akaenda kwenye benchi kukaa karibu na kocha, na mechi ilipoanza tulimsikia akipaza sauti. Alimwita kila mmoja na kumwambia aende wapi. Unahodha alimwachia yule yule mgeni aliyemfunga kamba za viatu, na wengi tulishangaa, kwa sababu wapo wakubwa waliokuwa wakiutaka. Kocha alitueleza kwamba alimuuliza sababu, akajibiwa, "Huyo anajua inavyokuwa ukikosea."

Mechi kubwa ya msimu ilikuwa Embu. Mzee alinipa lifti kwa gari lake dogo, tukapita Chuka. Kiwanja kilikuwa cha chuo cha huko, na mashabiki wao walikuwa wengi, wana vuvuzela na ngoma. Sisi wa Meru tulikuwa kikundi kidogo pembeni. Yeye aliketi kwenye benchi na blanketi magotini, jua likiwaka. Kocha alikuwa amemkataza kupiga kelele, kwa hiyo aliwaelekeza kwa mikono. Kiganja kikifunguka, wanatawanyika. Ngumi ikifungwa, wanarudi kukaba. Hakuna aliyekuwa kama yeye, lakini nilianza kuona vipande vyake kwa kila mmoja: huyu ameuhamishia mpira mkono wa kushoto, yule anapiga makofi kumtuliza mwenzake, yule mwingine anajitupa chini kwa ajili ya mpira unaotoka nje.

Walishinda. Filimbi ya mwisho ilipolia, wote walikimbia kumwendea, wakipiga mayowe, na walipomkaribia wakasimama ghafla, kila mmoja. Waliogopa kumgusa. Walisimama mbele yake wakihema, mikono ikining'inia, hawajui wafanye nini na furaha yao.

Akawatazama.

"Mnaogopa nini? Si nimekaa hapa?"

Yule nahodha mpya akapiga magoti na kuweka kichwa kwenye blanketi, na wengine wakafuata, polepole, kama watu wanaoingia chumba cha mgonjwa. Upande wa mashabiki wa Embu ngoma zilinyamaza. Mzee alinipa leso yake, naye akabaki akijifuta kwa ncha ya kanzu.

Binti yule alirudi Kibugu kusubiri zamu yake ya upasuaji. Tulizungumza kwenye simu. Alinieleza mvua imezidi, kwamba anakohoa, kwamba anamsaidia mama yake kupika na mama anamfukuza jikoni kwa sababu ya moshi. Kisha asubuhi moja, nikiwa ofisini na mtu mbele yangu akinieleza mpaka wa shamba lake, kocha akapiga simu. Homa ilikuwa imempanda, na hawakufika naye hospitali. Nilimwomba yule mtu anisamehe, nikatoka nje nikasimama kando ya barabara. Malori yalikuwa yakipita kama kawaida.

Mzee alitoa lori lake moja kubeba viti na hema. Wasichana walienda kwa basi la chuo, wamevaa jezi juu ya sweta. Kibugu kulikuwa na ukungu hata saa za mchana, na njia ya kuingia kwao ilipita katikati ya majani chai, miguu yetu ikiteleza. Tulimzika nyuma ya nyumba, karibu na baba yake.

Baada ya watu kuanza kutawanyika, mama yake alituita, mimi na mzee, ndani ya nyumba. Alikuwa mwanamke mwembamba, vidole vyake vyeusi kwa utomvu wa chai. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, kwa hiyo alisema kwa Kiembu nami nikamtafsiria mzee.

"Nyinyi ndio mlikuwa mnaenda kumtazama?"

Nikasema ndiyo.

"Mimi sikuwahi. Jumamosi tunapeleka chai kituoni. Nilijua anacheza, lakini sikujua anacheza nini hasa. Niambieni."

Kocha alikuwa mlangoni na simu yake. Akasema ana video za mechi, anaweza kumwonyesha. Mama aligeuza uso haraka.

"Hapana. Nikimwona anakimbia sitaweza kukaa kwenye hii nyumba. Semeni kwa mdomo tu."

Basi tukasema. Mzee alianza, na alianza na lori. Niliona haya kulitafsiri hilo mbele ya mama mfiwa, lakini nikalitafsiri, na mama akatoa kicheko kidogo kilichotushtua sote. Mzee akaendelea. Alisimama pale sebuleni, mtu mzima na tumbo lake, akaonyesha jinsi alivyodunda mpira, alivyogeuka, alivyoruka na majitu. Mimi nikaeleza habari ya viatu. Yule msichana aliyefungwa viatu akaingia akiwa ameshikilia mlango, akataka kusema yake, akashindwa, mama akamvuta akaketi naye.

"Alikuwa anaongea?" mama aliuliza. "Hapa nyumbani alikuwa mtu wa kunyamaza."

"Mama, sauti yake ilisikika mpaka barabarani," nilimwambia. "Kila mtu alimsikiliza."

"Wakubwa pia?"

"Wakubwa pia."

Alitikisa kichwa kwa muda mrefu, kama mtu anayeambiwa habari za ndugu aliyepotea zamani. Kisha akasema neno ambalo nilishindwa kumtafsiria mzee mpaka tulipofika garini. Alisema, "Kumbe nilizaa mtu na sikumwona."

Msimu mpya ulipoanza nilienda kiwanjani. Mzee pia alikuja, na chupa yake. Timu ilicheza vizuri. Katikati ya mechi msichana mmoja alifanya kitu kizuri, sikumbuki ni nini, na kijana mmoja ukingoni, bila kufikiri, akaita, "Ng'ombe wamepanda!" Hakuna aliyeitikia. Mzee aliinuka akaenda kukaa kwenye gari lake, na tangu siku hiyo hajarudi. Mimi huenda mara moja moja, nikikaa sikai sana.

Mama yake hunipigia simu Jumapili baada ya kanisa. Mwanzoni alitaka nimsimulie mechi, na nilimsimulia zote nilizoziona, hata zile walizoshindwa. Zilipoisha alitaka nirudie. Siku hizi naye hunisimulia mtoto ambaye mimi sikumjua. Jumapili iliyopita alinieleza jinsi binti yake alivyokuwa akiogopa vyura, hata akakataa kwenda mtoni msimu wa mvua, ikabidi dada yake abebe mitungi yote miwili. Alicheka sana akisimulia. Halafu nikamsikia anapumua, nami nikangoja. Akasema mvua imeanza huko kwao na ana nguo kwenye kamba, akakata simu.