Shilingi ya Simba ya Mama Acayo

Mama Acayo alikuwa na tabia ya kuondoka bila kuinuka kitini. Unamsimulia habari za sukari kupanda bei, anakuitikia vizuri tu, kumbe mwenyewe yuko Karamoja, miaka ileee, anamfulia sare marehemu mumewe Odyek. Majirani zake wa kambi ya polisi Nsambya, wajane wa polisi kama yeye, walishamzoea. Walimngoja arudi, kisha wakaendelea na umbea wao.

Asubuhi hiyo alikuwa sokoni Nakawa, mbele ya meza ya Phelister, Mkenya wa Bungoma anayeuza shanga na pesa za kale, na safari hii alijitahidi kubaki papo hapo. Mwanawe Ochan alikuwa ameona kwenye simu mtu aliyejenga nyumba kwa sarafu moja ya zamani, na tangu siku hiyo hakumpa mama yake nafasi ya kupumua. Ochan ni askari wa kulinda duka, mtoto mwema, ila aking'ang'ania jambo ni kama kupe. Basi wakapatana: shilingi ya enzi za mkoloni aliyoiacha Odyek ipimwe. Ikiwa haina bei, Ochan asiitaje tena. Ikiwa nayo, iuzwe. Mama Acayo alikubali kwa kuchoka tu, na tangu akubali moyo haukutulia, maana hakutaka kuiuza hata kidogo.

Phelister alitandaza kitambaa cheusi, akaishika shilingi kwa kingo bila kugusa uso wake. Akaiinamisha kuelekea mwangani, akaigeuza, akaiinamisha tena taratibu. Mwanga uliteleza juu yake polepole, kama maji juu ya sahani, na Mama Acayo akajikuta ameshaondoka. Odyek alikuwa amesimama mlangoni na begi lake la safari, viatu vinang'aa, anacheka na lile pengo lake. Alikuwa karibu kusema neno.

"Mama," Phelister akamrudisha. "Hii pesa imeliwa upande mmoja. Mfalme wa upande huu bado ako na pua na masikio, lakini simba wa upande wa pili ameisha kabisa. Pesa ya sokoni huisha pande zote mbili. Ni nani alikuwa anaisugua?"

Mama Acayo aliona haya kama msichana. "Ni mimi tu," akasema. "Bwana yangu, kila wakituma yeye kazi mbali, naachia mimi hii. Yeye nasema, shika simba yangu, nitakuja kuchukua. Basi mimi nasugua na kidole. Nikisugua, yeye nakuja. Hata sasa nakuja."

Ochan aligeuka akamtazama mama yake. Miaka yote hiyo alidhani shilingi ile ni ya kufungwa kwenye pindo la kitenge na kusahauliwa.

"Kwa hivyo haina bei?" akamuuliza Phelister, sauti imepoa.

Phelister alichukua kioo cha kukuzia, akainama mpaka paji la uso likakaribia kitambaa. Mama Acayo alimwomba Mungu kimoyomoyo kitu kile kiwe takataka.

"Iko nayo," Phelister akasema mwishowe. "Siwezi kuwadanganya. Simba si kitu, lakini hapa chini ya miguu yake mwaka bado unasomeka, kwa shida. Na mwaka huu watu wa kukusanya sarafu wanautafuta. Nikiita mteja wangu leo atalipa. Si ya kujenga nyumba, labda ya pikipiki kuukuu. Lakini msiguse tena, msioshe. Huu mwaka ukifutika, hiki ni chuma tu."

Patano ni patano, na Mama Acayo hakuwa mtu wa kuvunja neno lake. Machozi yalimlenga. Alinyoosha mkono ili aiage, na Phelister, ambaye naye si jiwe, akamwekea shilingi kiganjani.

"Huyo mwaka nasomeka kidogo tu?" Mama Acayo akauliza.

"Kidogo sana, mama."

"Ochan, mtoto yangu," akasema, "piga simu kwa huyo mteja. Akuje."

Na kidole gumba chake kikashuka chini ya miguu ya simba, kikaanza kusugua. Ochan alitoa simu mfukoni, akaishika, akabaki anamwangalia mama yake anavyosugua, wala hakubonyeza namba yoyote.