Nyumba ya Nne katika Daftari la Casimir

Mwaka 1999, vita vilipowabana watu wa Baraka kati ya milima na ziwa, watoto wa nyumba tatu za mtaa mmoja waliamka miguu imekakamaa kama magogo. Nyumba zote tatu zilinunua mihogo kwa Marie, mjane aliyemlea Casimir, mtoto wa kaka yake. Neno likazunguka mtaa mzima: mulozi, mchawi. Jacques, jirani yao, akampa Marie siku kumi awe amehama.

Casimir hakulikubali. Kabla vita havijamrudisha kutoka chuo kikuu cha Kisangani, alikuwa akijifunza kuandika kwa hesabu kazi zinazofanyika ndani ya seli za mwili. Akafungua daftari, akachora viduara na mishale: sumu ya muhogo mchungu inaingia, seli zinaivunja makali kwa kitu zinachokipata katika samaki, kisha inatoka na mkojo. Lakini askari walikuwa wamekataza mitumbwi, hata ndagala, vile visamaki vya ziwani, hakuna. Na kwa hofu ya kulazimika kukimbia wakati wowote, watu waliopoa mihogo baada ya siku moja majini badala ya tatu. Akapita nyumba kwa nyumba akiuliza.

"We unaandika nini?" mke wa Jacques alimuuliza.

"Siku za kulowesha mihogo, mama."

"Bapelelezi ndio banahesabu vyungu vya bantu."

Alikokotoa kwa penseli siku mbili. Nyumba ya nne ambamo sumu iliingia zaidi kuliko ilivyotoka ilikuwa ya Jacques. Akamwonya mbele ya watu.

Jacques akacheka. "Shangazi yako amekutuma na hizi karatasi?"

Siku ya tano, Divine, binti wa Jacques, alishindwa kusimama.

Casimir alidhani sasa watamsikia. Walikuja na kamba.

"Alijua mbele," alisema Roger, mwenye kamba. "Muntu anajua jambo mbele, ni yeye analifanya."

Marie hakuna aliyemtazama tena. Daftarini ilibaki nyumba moja iliyokuwa ikikaribia hatari, na Casimir alijua kuitaja ni kujimaliza.

"Kaka Roger," akasema, "inayofuata ni kwako. Lowesha siku tatu. Tafuta hata maharagwe kidogo."

Wakamfungia darasani wiki mbili, wangoje kuona kama watoto wa Roger wataugua. Mke wa Roger alilowesha siku nne nzima. Watoto wake wakabaki wazima. Casimir akafunguliwa, Marie akabaki Baraka.

Lakini hadi uzeeni Roger husimulia hivi: "Aliogopa kamba, akaondoa sumu yake." Na kwa Casimir hajawahi kunywa hata maji.